Ni Kwangu Tu, au kwa Wote? Miaka Arobaini ya Kuuliza Kama Mtandao Uko Hewani

Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, muda mfupi kabla ya saa moja jioni kwa saa za Afrika Mashariki, WhatsApp, Facebook na Instagram zilinyamaza kwa pamoja dunia nzima. Wapo waliozima simu na kuiwasha tena, wapo waliodhani bando limekwisha, na wengi waliishia kumuuliza aliyekuwa karibu: "Kwako inafanya?" Huduma zilirejea baada ya takriban saa sita. Swali hilo, ambalo leo linaulizwa vibarazani na maofisini, lilianza kutafutiwa jibu la kitaalamu katika maabara ya jeshi.

Desemba 1983, Mike Muuss, mtaalamu wa kompyuta katika maabara ya utafiti wa silaha ya Jeshi la Marekani huko Aberdeen, jimbo la Maryland, alikuwa akisumbuliwa na mtandao uliokuwa unakwenda mrama bila sababu ya kueleweka. Kanuni za intaneti zilizotolewa mwaka 1981 zilikuwa tayari na ujumbe wa mwangwi: kompyuta moja inautuma, na nyingine ikiupata inaurudisha kama ulivyo. Muuss alikesha akiandika programu fupi ya kutuma ujumbe huo na kupima unachukua muda gani kwenda na kurudi. Akaiita ping, kwa mlio wa chombo kinachotumiwa na nyambizi kutambua vitu chini ya maji.

Alipokuwa tayari kuijaribu, mwenzake alishakipata kifaa kibovu na kukitengeneza. Programu haikupata nafasi ya kutatua tatizo lililoizaa. Ilisambaa hata hivyo, na leo imo karibu katika kila kompyuta. Muuss, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 2000, aliwahi kuandika kwamba kama angejua hiyo ndiyo kazi itakayompa jina, huenda angeiongezea siku moja au mbili.

Yeye mwenyewe alipenda kusimulia kisa cha fundi mmoja aliyekuwa na waya unaokatika na kushika. Fundi huyo aliiunganisha ping na kifaa cha kutoa sauti, akafungulia spika hadi mwisho, kompyuta ikawa inatamka "ping, ping, ping" kila jibu linaporudi. Kisha akazunguka jengo zima akitikisa kiungio kimoja baada ya kingine. Sauti ilipokatika, akajua mkono wake umeshika penye ubovu.

Lakini ping huuliza jambo moja tu: je, mashine inaitika? Seva inaweza kuitika vizuri huku tovuti iliyomo ndani yake imekufa. Na kinyume chake hutokea: tovuti inafanya kazi bila shida, ila wasimamizi wake wamezuia ujumbe wa mwangwi kwa sababu za usalama, na anayepima anaambiwa hakuna jibu. Isitoshe, kipimo chenyewe huanzia mezani kwako. Kama kasoro iko kwenye waya wako, dunia yote itaonekana imezimika.

Mwaka 2008 Alex Payne, mmoja wa wahandisi wa mwanzo wa Twitter, alilishughulikia tatizo hilo la mwisho. Enzi hizo Twitter ilikuwa na sifa mbaya ya kuanguka mara kwa mara, hata picha ya nyangumi anayeinuliwa na ndege, iliyotokea kila ilipozidiwa, ikawa maarufu. Payne alitengeneza ukurasa wenye kisanduku kimoja, Down for Everyone or Just Me. Unaandika anwani ya tovuti, seva iliyo mbali nawe inajaribu kuifungua, unapewa jibu: ni wewe peke yako, au si wewe tu.

Miaka minne baadaye, 2012, Downdetector ilianzishwa Uholanzi kwa mtazamo tofauti: badala ya kuiuliza mashine, iliwauliza watu. Kila anayekwama hubofya kutoa taarifa, na mfumo hulinganisha idadi ya malalamiko na kiwango cha kawaida cha saa hiyo. Mstari wa grafu ukipanda ghafla, hiyo ni hitilafu ya wengi. Mwaka 2018 ilinunuliwa na Ookla, kampuni yenye Speedtest, huduma ya kupima kasi ya intaneti.

Hata hivyo, kila chombo huona kwa kadiri ya mahali kiliposimama. Tarehe 28 Februari 2017, mfanyakazi wa Amazon aliyekuwa akishughulikia hifadhi ya data huko Virginia aliandika amri kimakosa, akaondoa seva nyingi kuliko alizokusudia. Tovuti nyingi zilianguka kwa saa kadhaa. Ukurasa wa Amazon wa kuonyesha hali ya huduma haukuweza kusasishwa, kwa sababu nao uliitegemea hifadhi ileile, na kampuni ikalazimika kutoa taarifa kupitia Twitter. Downdetector nayo haikusalimika: Julai 2019 na Novemba 2025, Cloudflare, kampuni ambayo tovuti nyingi hupitishia data zao, ilipopata hitilafu, Downdetector ilianguka wakati watu walipoihitaji zaidi.

Afrika Mashariki ilipata somo lake tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika siku moja katika pwani ya kusini mwa Afrika. Intaneti ilidorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Ubalozi wa Marekani mjini Dar es Salaam ulifungwa kwa siku mbili. Katika hali kama hiyo, chombo cha kupimia kilichoko Marekani kinaifungua tovuti ya Marekani bila shida na kukuambia ni wewe peke yako, ingawa "wewe" huyo ni nchi nzima. Na zipo nyakati ambapo hakuna kilichoharibika, kama Uganda Januari 2021, serikali ilipoamuru intaneti ifungwe kuelekea uchaguzi.

Kwa hiyo usitegemee jibu moja. Fungua tovuti nyingine kwanza. Zima Wi-Fi ujaribu kwa data, au umuulize anayetumia laini ya kampuni nyingine. Angalia taarifa za wanaolalamika, ukizingatia wako nchi gani. Kampuni zetu za simu na mabenki nazo ziwe na ukurasa wa hali ya huduma, uliowekwa kwenye seva zisizohusiana na huduma yenyewe, na ziseme ukweli mapema. Nawe msomaji, ukituma pesa kwa simu mtandao ukakwama katikati, usirudie kutuma. Angalia salio na ujumbe wa muamala kwanza, maana huenda pesa imeshafika na kilichochelewa ni jibu tu.