Somo la Historia: Mipaka ya Mji wa Geita

Leo tafadhali simama karibu na ramani ya Tanzania iliyo ukutani. Weka kidole juu ya Mwanza, kisha ukivushe maji ya ghuba upande wa magharibi, kutoka Kigongo mpaka Busisi. Zamani watu walingoja kivuko hapo. Tangu mwezi wa Juni 2025 wanapita juu ya daraja la kilomita 3. Fuata barabara hiyo nawe utafika Geita.

Nchi hii hapo kale iliitwa Uzinza. Walongo waliyeyusha chuma humo, na majembe yao yaliuzwa hata kwa Wasukuma. Dhahabu iligunduliwa mwaka 1898, wakati wa Wajerumani, lakini mgodi mkubwa ulianza mwaka 1936, wakati wa Waingereza. Ulitoa karibu wakia milioni moja, yaani zaidi kidogo ya tani 30, kisha ukafungwa mwaka 1966. Je, mji ulikufa? La. Wakati mgodi ukifanya kazi, Wasukuma wengi walikuwa wamekwisha hamia huko, wakafyeka pori na kulima pamba. Mkulima hafungi shamba kwa sababu mgodi umefungwa.

Sasa tuangalie mipaka. Wakati wa Waingereza Geita ilikuwa katika Jimbo la Ziwa. Baada ya Uhuru ikawa wilaya ya Mkoa wa Mwanza, na katika miaka ya 1970 Sengerema ikakatwa kutoka kwake. Mwaka 2012 Geita yenyewe ikafanywa mkoa. Chato ilitoka Kagera. Bukombe na Mbogwe zilitoka Shinyanga.

Mfikirie mzee wa Ushirombo, huko Bukombe. Alizaliwa katika wilaya ya Kahama, Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake makuu yalikuwa Tabora. Baadaye akawa mtu wa Mkoa wa Shinyanga. Leo ni mtu wa Mkoa wa Geita, wala hakuhamisha hata chungu kimoja!

Mipaka ya namna hiyo huamua ofisi utakayokwenda na nauli utakayolipa. Lakini mji wa Geita una mpaka wa pili, nao unagusa kitanda unacholalia. Mwaka 1999 Serikali ilitoa leseni ya mgodi mpya, ambao ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Eneo la leseni hiyo lilikuwa karibu kilomita za mraba 196. Lilizungukwa na bikoni, yaani alama za mpaka zinazosimikwa ardhini, na baadhi ya mitaa ya mji ikawa ndani yake. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na nyumba, shamba na makaburi ya wazee wake juu ya ardhi, na chini yake mwingine akawa na haki ya kuchimba. Jambo hili limeleta maneno mengi Geita, wala si ajabu.

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inasemaje? Mwenye leseni hana ruhusa ya kufanya kazi yake ndani ya mita 200 kutoka nyumba inayokaliwa na watu, mpaka apate idhini ya mkaaji halali. Idhini hiyo ni ya maandishi. Ukikataa bila sababu ya haki, sheria ina njia ya kuiondoa. Lakini kwanza lazima uulizwe. Ukiletewa karatasi, uliza: ni ya kuhesabu miti yangu, au ni ya kunihamisha? Isome yote kabla ya kutia sahihi. Ikiwa neno moja hulifahamu, rudi nayo darasani.

Sasa chukua daftari lako. Andika majina ya mtaa au kijiji chako, kata, wilaya na mkoa. Chini yake andika jina la wilaya na jimbo la mahali hapohapo mwaka 1960. Usipojua, kamwulize mzee wa jirani, nasi tutasomeana majibu wiki ijayo.