Aliyeingiza Jina Hewa ni Nani?

Mkoa wa Simiyu ulipozaliwa mwaka 2012, makao makuu yake yakiwa Bariadi, sehemu kubwa ya eneo lake ilitoka Shinyanga: Bariadi, Maswa na Meatu zilihama na walimu, wauguzi na watendaji wake. Miaka minne baadaye, Machi 2016, Rais John Magufuli aliwapa wakuu wa mikoa siku 15 kuwasaka watumishi hewa, yaani majina yanayolipwa mshahara bila kuwa na mtu. Shinyanga ikajibu kuwa haina hata mmoja. Timu iliyotumwa kuhakiki upya ilikuta 45 kabla haijamaliza kazi, na Aprili mkuu wa mkoa, Anne Kilango Malecela, akaondolewa. Tukio hilo hukumbukwa kwa sababu ya kutenguliwa kwake, lakini funzo kubwa liko kwingine. Kuhesabu vichwa kunaonyesha kwamba jina halina mtu. Hakuonyeshi nani aliliingiza, wala nani aliliacha lilipwe mwezi baada ya mwezi. Jibu la maswali hayo limo ndani ya kanzidata yenyewe, mfumo ukiwa umewekwa kutunza kumbukumbu: akaunti iliyotumika, saa, kompyuta, na taarifa ilivyosomeka kabla ya kubadilishwa.

Aprili 2017 nchi ilipiga hatua. Vyeti vya watumishi vililinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani, na watu 9,932 wakabainika kuwa na vyeti vya kughushi. Huo ulikuwa ushahidi wa taarifa kupimwa kwa taarifa, lakini nao ulimfichua mwenye cheti, si mkono uliompitisha.

Wapo wanaosema rekodi za kompyuta hazina huruma, na wanakumbusha watumishi wenye elimu ya darasa la saba walioondolewa kazini, hadi mwaka 2018 Serikali ilipoagiza walioajiriwa kabla ya waraka wa Mei 2004 uliotaka elimu ya kidato cha nne warudishwe. Hoja hiyo ni nzito, ila inanielekeza upande wa pili: kilichowaokoa ni tarehe ya ajira, yaani rekodi iliyosomwa kwa ukamilifu. Wengine wanadai maandishi ya kompyuta huchezewa, hivyo hayafai mahakamani. Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, ilishaukubali ushahidi huo mwaka 2000 katika shauri la Trust Bank dhidi ya Le-Marsh, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka uaminifu wa utunzaji wake upimwe kwanza. Kenya nako, Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa rais, ilihesabu dhidi ya Tume ya Uchaguzi kitendo cha kutofungua seva zake kikamilifu ili zikaguliwe.

Kwa hiyo uchunguzi uanze kwa kuhifadhi nakala ya kanzidata kabla yeyote hajaigusa, maana kulifuta jina hewa haraka kunaweza kufuta na ushahidi. Halmashauri za Itilima, Busega na nyingine zote za Simiyu zimpe kila afisa utumishi nywila yake peke yake, isiyoazimwa. Nywila ikitumiwa na watu watatu, hakuna mtaalamu atakayeweza kumtaja mhusika mbele ya hakimu.