Usimsemee Mhusika wa Mwenzio

Naanza kwa kukiri kosa. Tulikuwa washkaji wanne, tunaandika hadithi moja kwa zamu kwenye simu, kila mtu na mhusika wake. Siku moja naona hadithi imelala, nikaamua kuichangamsha. Nikaandika kwamba mhusika wa dada mmoja amelia, amepiga magoti, amemwomba wangu msamaha. Nilidhani ndiyo utamu wenyewe. Dada akajibu, "Yule alikuwa wangu," akajitoa. Hajarudi.

Niliona kama ananionea bwana, mpaka nilipoanza kuifukua historia ya mchezo huu.

Mwaka 1974 huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons. Mnakaa mezani, mmoja anaongoza masimulizi, wengine kila mtu anasema mhusika wake anafanya nini, na kete zinaamua kama amefaulu. Mwaka 1978, Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw akaanza kutunga MUD, mchezo wa kompyuta wa watu wengi, na Richard Bartle akauendeleza. Picha hamna, ni maandishi matupu. Mezani ukimkwaza mwenzio unamwona usoni. Kwenye kompyuta uso huo hauonekani, kwa hiyo adabu ilibidi itafutwe.

Ikatafutwa kwa machungu. Katika LambdaMOO, ulimwengu wa maandishi ulioanzishwa na Pavel Curtis mwaka 1990, mchezaji aliyejiita Mr. Bungle alitumia programu iliyoandika vitendo kwa majina ya wengine. Waliokuwemo wakasoma wenzao wakifanya mambo ya aibu ambayo wenyewe hawakuyaandika hata neno. Hiyo ni 1993. Mmoja wa walioonewa, kama alivyosimulia mwandishi Julian Dibbell mwaka huohuo, alitokwa na machozi halisi mbele ya kompyuta yake. Wachezaji wakaitisha kikao, wakabishana, wasiafikiane. Mwishowe msimamizi mmoja akamfuta Bungle. Baadaye Curtis akaleta utaratibu wa wachezaji kupiga kura.

Mimi sikufanya unyama ule, lakini mlango nilioingilia ni uleule: niliandika mwili wa mtu bila ruhusa yake.

Wachezaji wa leo wana adabu zao. Andika jaribio, usiandike matokeo: "anarusha ngumi" inatosha, kama imempata ataandika mwenyewe. Asichokijua mhusika wako, usimjulishe kwa vile wewe umekisoma. Ukitaka kusema jambo lako binafsi, liweke kwenye mabano, watu wajue ni wewe unayeongea. Na hadithi ikilala, muulize mwenzio kwanza.

Basi nimemwandikia yule dada, nje ya hadithi, kwa jina langu. Bado sijajibiwa. Safari hii jibu simwandikii.