Mwili Unaporudi Darasa la Kwanza

Nimefundisha maisha yangu yote, na miaka ya mwisho nilikuwa mwalimu mkuu. Katika muda wote huo sikumbuki kuzuiwa mlangoni kwa mzazi. Jambo hilo lilinipata uzeeni, kijijini kwetu kwenye mteremko wa Mlima Meru, na aliyenizuia ni mama ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kusoma.

Binti yake wa miaka tisa alikuwa amerejea kutoka India, alikopandikizwa uloto kwa sababu ya saratani ya damu. Uloto huo alipewa na kaka yake. Kijiji kilikuwa kimechanga nauli, nami nilikuwa mmoja wa waliopita nyumba kwa nyumba na daftari la michango. Basi nikaenda kumpa pole na hongera, mkononi nimeshika kibuyu cha maziwa mgando, kama ilivyo desturi.

"Shikamoo, Mwalimu," mama alinisalimu akiwa amesimama kizingitini. "Nisamehe sana, lakini leo hutaingia. Na maziwa hayo hawezi kuyanywa."

Nikaitikia marahaba, nikageuka na kuondoka. Njiani nilijisemea kwamba ndege imemlevya, amesahau walikotoka. Jioni nilipomsimulia mke wangu, aliniuliza neno moja tu: "Ulimuuliza sababu?" Sikuwa nimeuliza. Mimi niliyewaambia wanachuo wa ualimu kwa miaka mingi kwamba mwalimu asiyeuliza hafundishi!

Ndipo nikaanza kuuliza na kusoma, na katika kusoma nikakutana na mwaka ninaoukumbuka vizuri, 1961. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na Desemba ya mwaka huo tuliimba uhuru wa Tanganyika. Sikujua kwamba mwaka huohuo, mbali na kwetu, watu walikuwa wakigundua mambo ambayo yangekuja kumhusu mtoto wa jirani yangu.

Huko Toronto, Kanada, James Till na Ernest McCulloch walionyesha kwa panya kwamba ndani ya uloto zipo seli mama, ambazo moja yake yaweza kuzaa chembe za damu za aina mbalimbali. Huko London, Jacques Miller alionyesha kazi ya tezi iitwayo thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Kabla yake wengi waliidhani haina kazi ya maana. Kumbe hiyo ndiyo chuo cha ualimu cha mwili! Chembe nyeupe changa hutoka kwenye uloto, huenda kwenye tezi hiyo, na huko hutahiniwa. Isiyoweza kutambua alama za mwili wake hufeli. Inayotaka kuushambulia mwili wake yenyewe hufeli pia. Walio wengi hawafuzu, na wachache wanaofuzu ndio wanaotumwa kulinda mwili.

Mwaka huohuo daktari Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alifunga safari ya gari na wenzake wawili kwenda kusini mwa Afrika, wakipita Tanganyika. Katika hospitali walizopita waliuliza habari za saratani ya watoto inayovimbisha taya, ambayo Burkitt aliiona kwa mara ya kwanza mwaka 1957. Waligundua kwamba ugonjwa ule ulikuwapo kwenye nchi za joto na unyevu, zenye malaria nyingi, na ulikuwa nadra kwenye miinuko yenye baridi. Mwaka 1964 kirusi kilipatikana ndani ya seli za uvimbe huo, na baadaye ikafahamika kwamba malaria ya mara kwa mara huichosha kinga ya mtoto hata ishindwe kukizuia kirusi hicho. Kwa hiyo uhusiano wa kinga na saratani ulisomwa pia kwenye barabara zetu hizi za vumbi.

Upandikizaji wenyewe ulikwenda kwa machozi. E. Donnall Thomas wa Marekani aliujaribu kwa wagonjwa mwaka 1957, nao hawakuishi muda mrefu. Mwaka 1968 Robert Good, huko Minnesota, alimpandikiza mtoto aliyezaliwa bila kinga, kwa uloto wa dada yake, akapona. Thomas alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Kwetu Tanzania, Muhimbili ilianza kuwapandikiza wagonjwa wazima mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu.

Sasa nilielewa mlango ule. Kabla ya kupandikiza, madaktari huung'oa uloto wa zamani kwa dawa kali, na pengine kwa mionzi. Pamoja nao huondoka sehemu kubwa ya kumbukumbu ya mwili: chanjo alizopata mtoto mgongoni mwa mama yake, na kila homa aliyowahi kuishinda. Uloto mpya ukishika, chembe nyeupe za kwanza huonekana baada ya wiki mbili hadi nne, na watu hushangilia. Lakini hao ni askari mgambo tu. Waliosomea kazi huchukua miezi mingi, pengine mwaka mmoja au miwili. Tena wageni hawa wa kaka yake lazima wajifunze kuishi ndani ya mwili wa dada bila kuupiga vita, na dawa za kuwatuliza huidhoofisha kinga zaidi. Bahati ya mtoto ni kwamba thaimasi yake bado ni kubwa. Kwetu sisi wazee chuo hicho kimebaki majengo.

Chanjo huanza upya, kama kwa mtoto mchanga, lakini ile ya surua, iliyo na kirusi hai kilichodhoofishwa, kwa kawaida husubiri angalau miaka miwili. Katika miaka hiyo kinga ya mtoto dhidi ya surua iko kwenye miili ya majirani zake. Nilipolifahamu hilo nilichukua tena daftari langu la michango, nikapita nyumba zilezile, safari hii nikiomba kuona kadi za kliniki za watoto. Nyumba yangu nilianza nayo. Mjukuu wangu mmoja alikuwa hajapata chanjo ya pili ya surua, naye ndiye aliyekuwa akicheza kila siku kwenye ua wa binti yule. Nilimpeleka kliniki kesho yake asubuhi.

Kisha nikarudi kwa yule mama. Nilisimama nje, mbali kidogo, nikamwomba radhi kwa hasira zangu. Binti alikuwa dirishani. Akaniamkia, nami nikamwuliza yuko darasa la ngapi. Akacheka, akasema, "Babu, daktari anasema damu yangu iko darasa la kwanza."

Miaka miwili imepita, na amechomwa ile ya surua. Bado anakwenda kupimwa. Siku aliporuhusiwa kwenda shule nilimsindikiza hadi getini, nikarudi nyumbani.