Utii wa Imani na Ahadi za Mungu katika Kanisa letu la Kivu



Katika siku hizi za jubilei tukumbuke kwamba hatufanyi sikukuu ya kuta wala ya mabati. Historia ya Kanisa ni historia ya watu waliosikia Neno la Mungu, wakaondoka, wakatii. Na kwa vile wengi katika shirika zetu wanauliza, "Mungu alituahidi amani, basi iko wapi?", sisi wakatekista tumeona vema kutafuta jibu katika mambo yaliyotokea katika nchi yetu wenyewe.

Tuanze na Abrahamu, baba wa waamini. Mungu alimwahidi nchi, na wazao wengi kama nyota za mbinguni. Lakini Sara alipokufa, Abrahamu hakuwa na hata kipande cha udongo cha kumzikia mke wake. Ilimpasa apime fedha, anunue shamba la kaburi katika nchi ileile aliyoahidiwa. Je, Mungu alimdanganya? Hapana. Waraka kwa Waebrania unafundisha kwamba wazee hao walikufa katika imani, wakiziona ahadi kwa mbali na kuzisalimu. Ahadi ilikuwa ya kweli, ila walioingia katika nchi ile ni wazao wake. Hivyo ndivyo Mungu anavyofanya mara nyingi: yule anayetii hupanda, na walio nyuma yake huvuna.

Imani ilitufikia sisi pia kwa njia hiyo. Mwaka wa 1906 Mapadri Weupe walifungua misheni ya Nya-Ngezi, huko juu mlimani, mtu akishapanda kona za Ngomo. Wamisionere wale waliacha wazazi na nchi zao. Wakatekista wa kwanza nao walitumwa vijijini, wakaenda kwa miguu, wakafundisha sala chini ya miti. Wengi hawakuona parokia zilizozaliwa kwa jasho lao. Sisi ndio tunaoketi katika kivuli cha mti walioupanda wao.

Kisha ukaja mwaka wa 1964. Katika Kongo nzima jina la Kamanyola lilijulikana kwa sababu ya vita ya mwaka ule, hata uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa ulipewa jina hilo, kabla ya kuitwa uwanja wa Mashahidi wa Pentekoste mwaka wa 1997. Dunia ilikumbuka bunduki, lakini Kanisa linakumbuka jambo lingine la mwaka uleule. Kule kusini, upande wa Baraka na Fizi, walikuwapo wamisionere Waxaveri kutoka Italia: Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didonè na Bruda Vittorio Faccin. Pamoja nao alikuwapo Padri Albert Joubert, mzaliwa wa nchi yetu. Walijua hatari, nao wakabaki na wakristu waliokabidhiwa kwao. Tarehe 28 Novemba 1964 Bruda Faccin alipigwa risasi Baraka. Padri Carrara alikuwa akiungamisha watu. Alipotoka, alipiga magoti karibu na mwili wa ndugu yake, akafa pamoja naye. Jioni ya siku ileile Padri Didonè na Padri Joubert waliuawa Fizi. Siku hizo hizo, usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, Masista Anuarite aliuawa Isiro.

Siku ile nani aliona ahadi yoyote? Ilionekana kwamba misheni imekufa. Lakini tarehe 18 Agosti 2024, Uvira, katika bonde hili letu la Ruzizi, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza hao wanne kuwa wenye heri. Ilikuwa imepita karibu miaka 60, na wengi waliopiga vigelegele siku ile hawakuwa wamezaliwa mwaka wa 1964. Wao ndio wazao wa mashahidi hao.

Tukumbuke sasa mtoto wa Walungu yetu, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Myezuiti, aliyezaliwa mwaka wa 1926 upande wa Burhale. Watu wa Kamanyola hawahitaji kuelezwa taabu ya wakati wake: tangu mwaka wa 1994 tuliona kwa macho yetu wakimbizi wakivuka Ruzizi. Yeye aliwatetea wenyeji na wakimbizi pia, kwa sababu kwake kila mtu alikuwa mtu. Vita ilipofika Bukavu mwezi wa Oktoba 1996, wakubwa wengi walikimbia. Yeye alibaki, akawatia watu moyo. Jioni ya tarehe 29 Oktoba, pale Nyawera, askari walisimamisha gari lake. Alitoka akiwa ameshika msalaba, wakamwua.

Nani angekubali kukaa katika kiti kile? Mwezi wa Machi 1997 Baba Mtakatifu alimwita Askofu Emmanuel Kataliko, aliyekuwa amechunga Butembo-Beni tangu mwaka wa 1966. Baada ya miaka 30 aliacha watu wake, akaja Bukavu. Kwa vile alisema wazi juu ya mateso ya wananchi, tarehe 12 Februari 2000 watawala wa wakati ule walimpeleka uhamishoni Butembo. Alirudi tarehe 14 Septemba, sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, na watu wakampokea kwa shangwe kubwa. Siku 20 baadaye, tarehe 4 Oktoba, alifariki Roma. Alirudi kama baba anayekuja kuwaaga watoto wake.

Ndugu wapendwa, tuangalie vizuri. Wako wanaodhani kwamba utii wa mkristu ni kuinamisha kichwa mbele ya kila mwenye nguvu. Maaskofu hawa wawili wanatufundisha kinyume. Kwa sababu walimtii Mungu, hawakuweza kunyamaza watu wake walipoonewa. Vilevile hawakushika silaha, wala hawakufundisha chuki. Utii wao ulikuwa kubaki mahali walipotumwa na kusema ukweli, nao waliulipia kwa maisha yao.

Basi, kwa swali la shirika zetu tunajibu hivi. Mwaka wa 2025 risasi zimelia tena katika bonde letu, na amani tunayoiomba hatujaishika bado mikononi. Lakini sisi wenyewe, tulio hapa na Ekaristi na Ubatizo, ni ahadi ambayo wengine walitii bila kuiona. Kwa hiyo tusiseme kwamba utii wetu ni wa bure. Mzazi anayemfundisha mtoto sala wakati wa njaa, mama anayemsamehe jirani yake, mkatekista anayekwenda kufundisha hata kama njia ni mbaya, hao wote wanapandia watu wasiowajua.

Bikira Maria, aliyeitika bila kujua njia yote, atuombee, ili wale watakaokuja nyuma yetu wakute tumetii.