Mmomonyoko wa Utambuzi

Demensia ni neno la asili ya Kilatini, na ukilifuata hadi mzizini utakuta maana ya kutokwa na akili. Mfasiri anayeshika mzizi huo hafiki mbali kabla ya kuandika "wazimu", na wapo walioandika hivyo. Kampala, neno hilo lina mahali pake: Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyofunguliwa mwaka 1955, ambayo jina lake watu hutupiana kama tusi. Mwambie mtu kwamba jjajja wake, yaani bibi yake, ana wazimu, uone kama wageni watakaribishwa tena nyumbani.

Wengine husema "ugonjwa wa kusahau". Jina hili lina upole, lakini linabeba nusu tu ya habari. Demensia ni hali. Alzheimer ni ugonjwa unaosababisha hali hiyo kwa wagonjwa 60 hadi 70 katika kila 100. Protini za amiloidi na tau hujikusanya ubongoni, seli zikafa, na sehemu inayopokea kumbukumbu mpya hudhurika mapema. Ndiyo maana jjajja hakumbuki kwamba chai amekunywa sasa hivi, lakini anakusimulia usiku ule wa Oktoba 1962 pale Kololo, Kampala, bendera ya Uganda ilipopandishwa.

Sasa tazama kisa cha kwanza cha ugonjwa huo. Auguste Deter alichunguzwa na daktari Alois Alzheimer mjini Frankfurt mwaka 1901. Katika maelezo ya daktari huyo, dalili iliyotangulia haikuwa kusahau: ilikuwa wivu juu ya mumewe. Ndoa ndiyo iliyoguswa kwanza.

Jambo hili, ugonjwa kugusa kwanza kifungo cha mtu na mwenzake, Kiswahili kina kiambishi cha kulieleza vizuri: -ana. Kujuana, kusalimiana, kutambuana. Hakuna awezaye kuyafanya hayo peke yake. Binti anapiga magoti kumwamkia mama yake kwa Kiganda, kama alivyolelewa. Mama anaitikia salamu yote bila kukosea, maana maneno ya mazoea hudumu muda mrefu baada ya mengine kuondoka. Kisha anauliza, "Na wewe ni mtoto wa nani?" Salamu imebaki, kusalimiana kumekatika. Na mzee aliyezaliwa Kigoma akahamia Kampala ukubwani, Kiganda chake huweza kumtoka mapema, akabaki na Kiswahili cha mama yake. Wajukuu hawakijui, maana kwa miaka mingi jijini hapa lugha hii ilihesabiwa kuwa ya askari. Basi mzee anaita, na nyumba nzima haimwelewi.

Wajapani walikwisha kupambana na tatizo la jina. Mwaka 2004 waliacha neno chihō, lililonuka upumbavu, wakachukua ninchishō, ambalo tunaweza kulifasiri "ugonjwa wa utambuzi". Kwetu "utambuzi" lina faida kubwa zaidi: wanasaikolojia hulitumia kwa kazi za akili kama kufikiri na kukumbuka, na watu wa kawaida hulitumia kwa kumjua mtu ukimwona. (Kasoro ipo: madaktari husema pia utambuzi wa ugonjwa, kwa hiyo siku moja tutasoma "utambuzi wa ugonjwa wa utambuzi", na tutacheka.)

Mimi ningeongeza "mmomonyoko". Wahubiri wamelichosha kwa maadili, najua. Lakini mvua ikipiga vilima vya Kampala, udongo mwekundu wa juu ndio unaotangulia kushuka barabarani, na wa chini hubaki kwa muda. Kumbukumbu nazo huondoka vivyo hivyo: za jana kwanza, za utotoni baadaye.

Kwa hiyo Alzheimer libaki jina la ugonjwa, na hali yenyewe, demensia, iitwe mmomonyoko wa utambuzi. "Wazimu" tulifute. Mwenye neno bora alilete, ila kabla ya kuliandika alitamke mbele ya yule binti aliyepiga magoti.