Taa Moja au Mbili?

Usiku ule tulipotoka upande wa Beni, mujomba wangu alitufundisha kitu ambacho miaka kadhaa baadaye nilikikuta katika historia ya nyota. Tulikuwa tumelala chini ndani ya shamba la mihogo, pembeni ya barabara ya kwenda Kasindi. Kwa mbali ikaonekana taa moja. Ikakaribia, ikawa mbili. Dada yangu akauliza kwa sauti ya chini, "Mujomba, ni gari?" Akajibu, "Ngoja kwanza. Angalia kama ziko zinacheza."

Taa za gari zimefungwa kwenye chuma kimoja. Nafasi kati yake inaongezeka polepole kadiri gari linavyokaribia, lakini hazichezi. Pikipiki mbili zinazokwenda sambamba ni mambo mengine: mara zinasogeleana, mara moja inatangulia. Kwetu tofauti hiyo haikuwa mchezo. Gari lingeweza kuwa kamyo ya bidhaa inayoenda mpakani, na labda dereva angetubeba. Pikipiki za saa ile hatukutaka zituone. Mujomba aliangalia, akaangalia tena, hakuridhika, tukabaki chini mpaka zikapita.

Sasa niko Bwera, kwa jamaa. Wengi wa ninyi mlioko Rwamwanja na Kyaka mnaijua Bwera kama mahali pa kupita tu baada ya kuvuka Mpondwe, lakini wengine tulibaki, maana Wakonzo wa huku na Wanande wa kule kwetu tunasikilizana bila mkalimani. Kazi yangu ni kukaa na vijana. Jioni umeme ukikatika tunapanda kilimani, na kutoka juu tunaona magari yanayotoka Kikorongo yakikata uwanda wa mbuga ya wanyama. Vijana wanabishana: hiyo ni gari, hiyo ni boda. Gari likiwa mbali kilometa kadhaa, jicho la mtu haliwezi kutenganisha taa zake mbili. Inaonekana moja. Ndipo nikawaambia kwamba kuna watu waliopigana na swali hilohilo kwa zaidi ya miaka 300, ila taa zao ni nyota.

Mwezi wa tano, mvua ikiosha hewa, saa tatu au saa nne usiku, simama Bwera ugeukie kusini. Utaona Msalaba wa Kusini, na kushoto kwake nyota mbili kali zinazouelekezea. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ndiyo Alpha Centauri. Sasa geuka kaskazini-magharibi. Kule kuna nyota mbili za kundi la Mapacha, na mojawapo ni Castor. Mtu wa Ulaya haioni Alpha Centauri, iko chini ya upeo wake siku zote. Sisi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, ule ambao Kasese wameuwekea mnara kando ya barabara watu wapige picha, kwa hiyo tunaziona zote mbili kwa usiku mmoja. Na zote mbili, kwa jicho, ni moja. Kumbe si moja.

Upande wa kusini walioanza ni mapadri Wajesuiti waliokuwa safarini. Mwaka 1685 Padri Fontenay alisimama Rasi ya Tumaini Jema akielekea Siam, akaelekeza darubini kwenye nyota ya chini ya Msalaba, akaona ni mbili. Mwaka 1689 mwenzake Jean Richaud, akiwa Pondicherry kule India akifuatilia kimondo chenye mkia, aliona Alpha Centauri nayo ni mbili. Lakini kuona mbili si kujua kwamba zimefungwa pamoja. Nyota moja inaweza kuwa karibu nasi na nyingine mbali sana nyuma yake, zimepangana tu kwenye mstari wa macho. Kama boda moja iko Kikorongo na nyingine iko nusu ya njia, ukaziona kama gari moja.

Aliyelitatua jambo hili alikuwa mkimbizi. Vitabu vingi vinamwita mwanaastronomia Mwingereza, lakini William Herschel alizaliwa Hanover mwaka 1738, mtoto wa mwanamuziki wa jeshi, na yeye mwenyewe alipiga zumari katika bendi hiyohiyo. Mwaka 1757 Wafaransa walishinda vita pale Hastenbeck, wakaiteka Hanover, na wazazi wake wakamtuma Uingereza kuokoa maisha yake. Alikuwa hajatimiza miaka 19. Aliishi kwa kunakili karatasi za muziki na kufundisha watoto wa watu, mpaka akapata kazi ya kupiga kinanda cha kanisa mjini Bath. Darubini za kununua zilikuwa ghali, akaanza kusugua vioo vya chuma nyumbani kwake. Mwaka 1772 dada yake Caroline akamfuata. Kaka akisugua kioo kwa saa nyingi bila kuacha, dada alimlisha kwa mkono. Usiku kaka alikuwa kwenye darubini akitaja vipimo, dada akiandika. Nasisitiza hapo, kwa sababu bila daftari la Caroline hakuna historia ya kusimulia.

Herschel hakuwa anatafuta nyota zinazozungukana. Alikuwa na wazo la zamani la Galileo: kama jozi ni ya bahati tu, moja karibu na moja mbali, basi Dunia inapolizunguka Jua ile ya karibu itaonekana kusogea kidogo na kurudi kila mwaka, na kutokana na hapo utajua umbali wake. Akakusanya jozi. Mwaka 1782 alitoa orodha ya jozi 269. Kwa kila moja alipima vitu viwili: nafasi kati ya nyota, na upande ambao ndogo imekaa kutoka kwa kubwa. Alitumia nyuzi nyembamba sana zilizowekwa ndani ya darubini. Baadaye watu walitumia nyuzi za buibui, na hili vijana wangu hawakuliamini kabisa.

Kisha akarudia. Baada ya miaka kama 25 alipima tena jozi zilezile, na mwaka 1803 akachapisha majibu. Nyota za Castor zilikuwa zimehama, na hazikwenda na kurudi kama alivyotarajia. Zilikuwa zimejipinda, moja ikiizunguka nyingine. Alikisia kwamba mzunguko mzima unachukua miaka 342. Leo tunajua ni zaidi ya 400, lakini kwa mtu aliyekuwa ameona kipande kidogo tu cha njia, alikuwa ameshika ukweli. Na Castor haikuishia hapo: leo imejulikana kuwa ni nyota sita.

Kwa nini watu wajisumbue hivyo? Kwa sababu ya uzito. Nyota iliyo peke yake ni vigumu mno kuipima uzito wake. Utajua rangi, utajua mwanga. Zikiwa mbili zinajipima zenyewe. Mkubwa na mtoto wakishikana mikono wakazunguka, mtoto ndiye anayerushwa mbali, mkubwa anasogea kidogo tu. Ukijua muda wa mzunguko, ukajua nafasi kati yao na nani anayumba zaidi, unapata uzito wa kila mmoja. Alpha Centauri inamaliza mzunguko kwa miaka kama 80. Nyota yake kubwa ina uzito unaozidi kidogo wa Jua letu, na ndogo ina upungufu kidogo. Mizani hiyo ndiyo iliyotufundisha uzito wa nyota kwa ujumla.

Mwana wa Herschel, John, alikwenda Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1834, akakaa mpaka 1838, na kurudi na vipimo vya jozi 2,102 za kusini. Lakini mimi nampenda zaidi Robert Innes. Aliacha shule akiwa na miaka 12. Alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo mjini Sydney, akijifunza nyota mwenyewe usiku, na alianza kugundua jozi kabla hajaajiriwa na kituo chochote. Baadaye akawa mkuu wa kituo cha nyota cha Johannesburg. Aligundua jozi zaidi ya 1,600, na mwaka 1915 akaona nyota hafifu ambayo ni ndugu wa tatu wa Alpha Centauri na ndiyo nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua. Akaiita Proxima. Kijana mmoja aliniuliza kama Innes alikuwa na cheti. Nilimjibu hapana, halafu sikujua niongeze nini, maana mimi na yeye tunajua cheti kilichoachwa kule ng'ambo kinavyosumbua hapa.

Tatizo kubwa lililobaki lilikuwa hewa. Wataalamu wanapima kwa sekunde za pembe. Ukigawa upana wa mwezi mpevu sehemu 1,800, sehemu moja ni kama sekunde moja. Au fikiria sarafu yenye upana wa sentimita 2 ukiiangalia kutoka kilometa 4, saa nzima ya kutembea. Hewa juu yetu inatetemeka kama ile iliyo juu ya jiko la mkaa, na mtetemo huo unaifanya nyota ionekane kama doa lenye upana wa sekunde moja hivi, hata darubini iwe kubwa namna gani. Jozi nyingi zimekaribiana kuliko hapo. Kwa hiyo kuna nyota ambazo watu walikuwa na kila sababu ya kuamini ni mbili, lakini picha ilikataa.

Mwaka 1970 Mfaransa Antoine Labeyrie alitoa njia ambayo mimi naona ni ya ajabu. Alisema: msipige picha ndefu, kwa sababu picha ndefu inachanganya mitetemo yote ikawa ukungu. Pigeni picha za haraka sana, sehemu ndogo ya sekunde, nyingi kwelikweli. Kila picha itatoka imeharibika, imejaa vidoadoa. Lakini kama nyota ni mbili, vidoadoa hivyo vitakuwa viwiliviwili, kwa nafasi ileile na upande uleule, picha baada ya picha. Hesabu ikizikusanya, jozi inajitokeza. Kwa njia hiyo darubini kubwa ya Palomar, yenye kioo cha mita 5, inaweza kutenganisha nyota zilizoachana kwa sehemu ndogo ya sekunde, takribani sehemu mbili kwa mia za sekunde. Darubini ilikuwa ileile.

Nilipoelewa hapo nilikumbuka chumba kimoja ambamo mimi na dada yangu tulihojiwa, kila mtu kwa wakati wake. Mimi nilisema ilikuwa gari. Dada alisema pikipiki mbili. Mara ya pili nilisema sina uhakika. Ikaandikwa kwamba maelezo yetu yanapingana, na karatasi zetu zikakaa. Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, silaumu mtu. Lakini mambo ambayo hayakubadilika katika maneno yetu yote mawili, shamba, barabara, taa, mujomba kutukataza kunyanyuka, hakuna aliyeyaweka pamoja akaona yanarudi kwa nafasi ileile.

Mwaka huohuo wa 1970, tarehe 12 Desemba, jambo jingine la jozi lilianzia pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kutoka jukwaa la San Marco, la Waitaliano, lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya Wamarekani ya kutafuta miale ya eksirei, ambayo hewa haiipitishi mpaka chini. Siku hiyo Kenya ilitimiza miaka saba ya uhuru, na Marjorie Townsend aliyesimamia mradi akaipa jina Uhuru. Nilipolikuta jina hilo katikati ya maandishi ya kigeni nilidhani ni kosa la uchapaji.

Uhuru haikupiga picha za kutenganisha nyota. Ilisikiliza mapigo. Chanzo kimoja kiitwacho Centaurus X-3 kilipiga kila baada ya sekunde 4.8. Mapigo yalikuwa yakiwahi kidogo, kisha yakichelewa kidogo, kisha kila baada ya siku 2 na saa chache yakizimika kabisa, halafu yakirudi. Kitu kinachokuja na kwenda, na kupita nyuma ya mwenzake: jozi, bila mtu kuiona. Chanzo kingine ambacho Uhuru ilikichunguza, Cygnus X-1, kiliwapeleka wataalamu wa Uingereza na Kanada kwenye nyota kubwa inayoyumbishwa kila siku 5.6 na mwenzake asiyeonekana. Mwenzake huyo ni shimo jeusi. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba antena 10 za redio, zilizotawanyika kutoka Hawaii mpaka visiwa vya Virgin na kufanya kazi kama jicho moja, zilipima umbali wake upya, miaka 7,200 ya nuru, na uzito ukatoka mara 21 ya Jua. Yule asiyeonekana akapimwa kwa sababu ana mwenzake.

Juzi kijana mmoja alileta kilimani darubini ndogo ya mkono, ya kuangalizia ndege. Tuliielekeza Alpha Centauri kwa zamu, tukiegemeza viwiko juu ya jiwe. Bado ilikuwa moja. Walivunjika moyo kidogo, nami pia. Nikawaambia kwamba tangu Padri Richaud azione, nyota hizo zimezungukana mara nne tu na kidogo, na kwamba zitakaribiana kuliko wakati wowote mwingine wa mzunguko wao mwaka 2035. Yule mwenye darubini akatoa daftari, akaandika tarehe ya usiku ule, saa, na neno "moja".